Pumzi Fupi Si Uzee

Katika mwezi wa sita na wa saba, baridi inaposhuka juu ya Iringa na Mbeya, na huko Makete na Njombe sakitu ikalala juu ya majani hata jua litoke, kila jamaa hukusanyika jikoni. Moto huwashwa mapema, mlango hufungwa ili joto lisitoke, na watoto husogea karibu na mafiga. Ni saa njema ya mazungumzo. Lakini katika nyumba nyingi yuko mmoja asiyeweza kuzungumza kwa muda mrefu. Husema maneno matatu, akanyamaza ili avute pumzi. Hukohoa, akashika kifua. Na akitumwa hata kisimani tu husimama njiani mara mbili.

Tukimwuliza, "Bibi, una nini?" hutujibu, "Ni uzee tu, wajukuu wangu." Nasi twakubali, kwa kuwa twaziona mvi zake. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba jibu hilo mara nyingi si kweli. Kuishiwa na pumzi ni dalili ya ugonjwa, na ugonjwa huo una jina. Tena, haukai mapafuni peke yake. Huingia katika mishipa ya damu ukaizeesha kabla ya wakati wake, kisha huulemea moyo. Wako wagonjwa wengi wa kifua ambao mwisho wao hauletwi na kifua, bali na moyo, na watu wa nyumbani mwao hawakujua kamwe kwamba moyo ulikuwa hatarini.

MOSHI UNAOKAA NDANI

Ingieni katika jiko la kale la kijijini, mwinue macho. Miti ya paa imekuwa myeusi kama lami, na masizi yananing'inia kama nyuzi. Juu ya moto yametundikwa mahindi ya mbegu, kwa maana mama zetu wajua tangu zamani kwamba moshi huyakausha na kufukuza fukusi. Hekima hiyo ni ya kweli. Lakini na tufikiri: moshi unaomshinda fukusi, je, utakuwa rafiki wa kifua cha mtoto? Paa lile lina miaka kumi tu. Mama apikaye chini yake amevuta moshi ule ule tangu alipokuwa akibebwa mgongoni na mama yake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulileta vifo vya watu milioni 3.2 duniani pote. Hao hawakuungua kwa moto. Walivuta hewa chafu siku baada ya siku, mpaka mapafu, moyo au ubongo ukashindwa.

Moshi wa kuni si sababu ya pekee. Iko tumbaku, ambayo wakulima wa Chunya huilima na watu wa kila mahali huivuta. Liko vumbi la migodini. Kwa maana wako wanaume wa pande zetu waliochimba dhahabu ya Lupa tangu miaka ya 1920, na wengine wa Rungwe walikwenda mbali hata migodi ya Afrika Kusini kwa mkataba wa Wenela, wakarudi na fedha kidogo na kikohozi. Na uko ugonjwa wa kifua kikuu, ambao hata ukiisha kuponywa waweza kuacha makovu mapafuni. Huko Dar es Salaam watafiti waliwapima wagonjwa 501 wa kifua kikuu waliokuwa wamekwisha kutumia dawa kwa wiki 20 au zaidi, wakatangaza matokeo yao mwaka 2016. Watu 371, yaani 74 katika kila 100, mapafu yao hayakuwa yakifanya kazi ipasavyo. Vijidudu vilikuwa vimeshindwa, lakini nyumba waliyoiharibu ilibaki na nyufa.

MVUKUTO ULIOCHAKAA

Zamani wahunzi wa nchi hizi walitumia mvukuto ili kuupa moto wao upepo. Mapafu yetu yafanana na mvukuto huo. Yanapotanuka huingiza hewa, na yanapojikunja huitoa. Ndani yake mna mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, vyenye kuta nyembamba sana, na kila kifuko kimezungukwa na vijishipa vya damu. Hapo ndipo oksijeni hutoka hewani ikaingia katika damu.

Moshi, tumbaku na vumbi hufanya maovu mawili. Kwanza, njia za hewa huvimba, zikajaa makohozi, zikawa nyembamba. Pili, kuta za vifuko vile hubomoka, na vifuko vingi vidogo hugeuka kuwa vichache vikubwa visivyo na nguvu ya kujikunja. Hewa huingia, lakini haitoki yote. Ndiyo maana mgonjwa huona kwamba kifua kimejaa, na papo hapo aona kwamba amekosa pumzi. Madaktari huuita ugonjwa huu ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Si pumu, ingawa yafanana. Kwa maana mwenye pumu hubanwa kisha akafunguka, lakini huyu hafunguki kabisa.

Kwetu sisi wa milimani liko jambo la kuongeza. Mji wa Mbeya uko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na huko uzito wa hewa umepungua karibu sehemu moja katika tano ukilinganishwa na pwani. Mtu mzima wa afya hauoni upungufu huo, kwa kuwa mwili wake umezoea. Lakini yeye ambaye mapafu yake yamekwisha kuharibika ana akiba ndogo, na hapa juu akiba hiyo huisha upesi.

MPIRA WA MANATI

Sasa tuje kwenye mishipa ya damu. Kila mvulana ajua kutengeneza manati. Hukata vipande viwili vya mpira kutoka katika tyubu ya baiskeli, akavifunga kwenye panda. Mpira mpya huvutika ukarudi kwa nguvu. Lakini uacheni juani miezi michache: utakuwa mgumu, utaota nyufa, na ukivutwa haurudi upesi. Mpira umezeeka.

Mshipa mkuu utokao moyoni, ambao madaktari huuita aota, una tabia ya mpira huo. Katika ukuta wake mna nyuzi laini za kunyumbuka. Moyo unaposukuma damu, mshipa hutanuka kuipokea. Na moyo unapopumzika, mshipa hujikunja taratibu na kuiendeleza damu mbele. Hivyo damu huenda kwa utulivu, na moyo husaidiwa kazi. Nao moyo wahitaji msaada huo, kwa maana hupiga mara 100,000 hivi kila siku, pasipo likizo.

Kila mtu azeekapo, nyuzi hizo hukatika kidogo kidogo, na mahali pake huingia nyuzi ngumu. Hiyo ni njia ya kila mwenye mwili. Lakini kwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu uzee huo huja mapema. Watafiti wamewalinganisha na watu wa umri ule ule wasio na ugonjwa, wakaona kwamba mishipa ya wagonjwa ni migumu zaidi. Na jambo la kushangaza ni hili, kwamba mapafu yenyewe hujikunja kwa nyuzi za namna ile ile zilizomo katika mishipa. Moto uziharibuo pale hauachi kuziharibu hapa.

Je, madhara ya mapafuni hufikaje kwenye mshipa? Kwa njia tatu zinazojulikana. Ya kwanza, uvimbe wa kifuani hutoa sumu zake katika damu, na damu huzitembeza mwili mzima zikichokoza kuta za mishipa. Ya pili, oksijeni inapopungua, mwili huingiwa na hofu. Mapigo huongezeka na mishipa hukazika. Ya tatu, mtu anayeishiwa na pumzi hukaa kitako siku nzima, na mwili usiotembea huzeesha mishipa yake. Juu ya hayo, moshi wenyewe una chembe ndogo mno na sumu zinazopenya mpaka ndani ya damu.

Ugumu huu hupimika. Madaktari hupima mwendo wa wimbi la mapigo kutoka shingoni mpaka kwenye kinena. Katika mshipa laini wimbi huenda polepole. Katika mshipa mgumu hukimbia, kama vile sauti ya nyundo inavyokimbia katika chuma cha reli. Likizidi mita 10 kwa sekunde kwa mtu mzima, huhesabiwa kuwa ni alama ya hatari. Chombo hicho ni adimu vijijini kwetu, lakini kile cha kupimia shinikizo la damu kipo hata katika zahanati nyingi, nacho chaweza kutupa dokezo. Mshipa mkuu ukiwa mgumu, namba ya juu hupanda na namba ya chini hushuka, na nafasi kati yake hupanuka.

MIZIGO MIWILI YA MOYO

Moyo una pande mbili. Upande wa kushoto husukuma damu kwenda mwili mzima. Upande wa kulia huisukuma kwenda mapafuni tu, nao kwa asili ni dhaifu zaidi, kwa kuwa njia yake ni fupi na nyepesi.

Mgonjwa wa kifua hubebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja. Upande wa kushoto husukuma damu katika mshipa uliokakamaa, basi misuli yake hunenepa na kuchoka. Upande wa kulia nao hukuta njia za mapafuni zimebana, kwa maana mahali panapokosa hewa mishipa ya mapafu hujifunga. Upande huo ukishindwa, damu hurudi nyuma. Miguu huvimba, na ukibonyeza kwa kidole shimo hubaki. Shingoni mishipa husimama, na tumbo laweza kujaa maji.

Kwa jumla, wenye ugonjwa huu wa mapafu hupatwa na magonjwa ya moyo na mishipa mara mbili au zaidi kuliko wenzao. Tena iko siku ya hatari hasa. Kikohozi chao hupanda ghafula mara kwa mara, makohozi yakaongezeka na kugeuka rangi. Huko Uingereza watafiti walionyesha mwaka 2010 kwamba katika siku 5 za kwanza za kupanda huko, shambulio la moyo lilikuwa likitokea zaidi ya maradufu. Basi mtu asiseme, "Kifua chake kimemrudia tu, kitatulia." Katika siku hizo hizo moyo uko mashakani, na maumivu ya kifua yenye kubana, au jasho la baridi, au kuzimia, ni wito wa kumpeleka hospitali pasipo kungoja kesho.

KWA NINI HATUUTAMBUI

Twaweza kudhani kwamba ugonjwa huu ni wa watu wa Ulaya na sigara zao. Sivyo. Daktari Magitta, wa chuo cha afya cha Mbeya kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake, waliwapima watu wa kijijini katika Tanzania wenye miaka 35 na zaidi, na kazi yao ikachapishwa mwaka 2018. Waliona ugonjwa huu kwa watu 17 hadi 18 katika kila 100: wanaume karibu 22 katika 100, na wanawake karibu 13 katika 100. Na wastani wa umri wa wagonjwa ulikuwa kama miaka 50 tu. Hao si vikongwe. Ni watu wa kulima, wenye watoto shuleni. Nao walio wengi hawakuwa wamepata kuambiwa kamwe kwamba wana ugonjwa huo.

Sababu yake ni nini? Mtu akikohoa kwa muda mrefu, sisi sote twafikiri kifua kikuu. Ni vema kufikiri hivyo kwanza, na makohozi yapimwe. Lakini makohozi yakiwa safi, swali lisiishie hapo. Wengine huja kudhaniwa kuwa wamerogwa, wakatumia mwaka mzima na mifugo yao yote kwa waganguzi. Wengine huambiwa ni uzee, wakaketi kando ya moto kungoja kufa, huku moto huo huo ndio unaowaua.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Katika mwaka 1846 tabibu Mwingereza, John Hutchinson, alitangaza chombo cha kupimia pumzi, kiitwacho spirometa. Mgonjwa huvuta pumzi nyingi, kisha hupuliza kwa nguvu zake zote. Ikiwa katika sekunde ya kwanza ametoa chini ya sehemu 70 katika 100 za pumzi yake yote, hata baada ya kuvuta dawa ya kufungua njia, basi njia zake zimeziba. Hakuna sindano wala damu. Mtu anayeishiwa na pumzi aulize katika hospitali ya wilaya au ya mkoa kama chombo hicho kipo, na kama hakipo aombe kuelekezwa kilipo.

YATUPASAYO KUFANYA

Wasomaji wapenzi, nyuzi zilizokatika hazishonwi tena. Lakini mwendo wa uharibifu waweza kupunguzwa, na moyo waweza kulindwa. Twawapa mashauri haya.

Kwanza, moshi utoke. Kuni zikaushwe vizuri kabla ya kutumika, kwa maana kuni mbichi ndizo zenye moshi mwingi. Jiko lijengwe mbali na chumba cha kulala, lenye dirisha upande huu na upande huu, na bomba la kutolea moshi kupita juu ya paa. Palipo na uwezo wa gesi au umeme, jamaa wahesabu gharama ya gesi pamoja na gharama ya ugonjwa, ndipo waseme ipi ni ghali. Mwezi wa tano mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wakiitumia. Tusingoje mwaka huo ndipo tufungue dirisha.

Na hapa twaonya kwa nguvu: jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala kilichofungwa, hata baridi iwe kali namna gani. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, nayo imeua jamaa nzima usingizini.

Pili, tumbaku iachwe. Aachaye leo, mapafu yake huacha kuharibika kwa haraka ile ya kwanza. Na baada ya mwaka mmoja hatari yake ya ziada ya ugonjwa wa moyo hupungua karibu nusu. Wala mzee asiseme kwamba amechelewa.

Tatu, shinikizo la damu lipimwe. Kila mwenye kikohozi cha miezi mingi apimwe na moyo wake, na kila mwenye ugonjwa wa moyo aulizwe habari za kifua chake. Aende na dawa zake zote mkononi, amwonyeshe daktari. Tena asimeze vidonge vya jirani. Kwa maana ziko dawa za moyo na shinikizo, kama propranolol, zinazoweza kuzifunga njia za hewa za mgonjwa wa kifua. Daktari ajuaye maradhi yote mawili atachagua dawa ifaayo yote mawili.

Nne, mgonjwa atembee. Twajua kwamba wengi humwambia, "Mama, kaa kitako, usichoke." Neno hilo latoka katika upendo, lakini lamdhuru. Atembee kila siku kwa kadiri ya pumzi yake, akipumzika na kuendelea. Misuli itapata nguvu na moyo utafarijika. Akitembea mpaka pumzi imzidie, na amtulie. Akipata maumivu ya kifua, aache mara moja.

Tano, dozi ya kifua kikuu imalizwe yote, na baada ya kuimaliza mtu asiyepata pumzi arudi akapimwe tena.

Kwenu walimu twawaomba jambo moja. Tazameni jiko la shule yenu. Mpishi wa uji wa watoto husimama katika moshi tangu alfajiri. Waulizeni wanafunzi ni nani nyumbani mwao anayesimama njiani mara mbili kwenda kisimani. Mtashangaa kuona mikono mingapi itainuka. Mtoto mmoja akirudi nyumbani na neno hili, huenda akamponya bibi yake.

Tulianza na bibi yule aliye kando ya moto. Akisema tena, "Ni uzee tu, wajukuu wangu," na tumjibu kwa heshima, "Bibi, uzee ni wako, nao twauheshimu; lakini pumzi hii fupi si ya uzee." Kisha tumfungulie dirisha, tumsogezee kiti mbali na moshi, na siku ya kliniki tumshike mkono tukaende naye, polepole, akipumzika njiani kadiri atakavyo.